Kilomita Thelathini na Moja hadi Kwenye Mizani

Usishike kikonyo.
Hilo ndilo la kwanza, Corkum, na la pili, na la mwisho.
Kikonyo si mpini. Kikonyo ni kitovu,
na hakuna mtoto anayebebwa kwa kitovu.

Jana nililitenga na shina kwa msumeno wa matawi.
Maji yakadondoka kwenye jeraha kutwa nzima,
nami nikakaa juu ya ndoo, sina kazi,
kama mtu aliyeitwa hospitali kabla ya wakati.

Leo umande umeganda bondeni.
Majani yaliyokuwa mapana kama miavuli
yamelala meusi, yamenywea kwa usiku mmoja.
Ukipenda boga, penda na ua lake:
ua nililipenda, saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai,
nikalifunga kwa uzi wa sufu
ili nyuki wasinitangulie.
Tumbo lake je? Nani alinifunza kulipenda tumbo
ambalo mikono yangu miwili haifiki hata robo yake?

Wana wa Zwicker wamekuja na miguu mitatu ya chuma,
winchi ya mnyororo, mikanda minane iliyoshonwa kwenye pete.
Mmoja anasema vuta. Mwingine anasema ngoja.
Mkanda ukikaa juu ya kiuno, utateleza;
ukishuka mno, boga litapinduka
na mwaka mzima utakuwa supu.
Mnyororo ukahesabu meno yake, tiki, tiki,
boga likaachana na ardhi kwa upana wa kidole,
kisha kiganja, kisha goti.

Nikatambaa chini yake na tochi.
(Usifanye hivyo. Mimi nilifanya.)
Ngozi nyeupe kama unyayo wa mgonjwa,
mchanga umegandia, na pale palipobonyea
panya kajenga kiota cha nyasi:
watoto watano, wekundu, macho hayajafunguka.
"Shusha!" akapaza Zwicker mdogo.
"Ukishusha utawaponda," nikasema.
Basi kilo mia sita na kumi na moja
zikaning'inia hewani, zikazunguka kidogo,
zikisubiri kilo isiyofika hata robo
ihamie kwenye kofia ya Corkum.

Nikapapasa tena. Hakuna ufa, hakuna tundu.
Tundu la kupenya kidole cha mwisho
lingetosha kutufukuza mbele ya mizani.

Kwenye pikapu nilitandika godoro la Baba.
Povu la dukani ni bora, najua, usinifundishe.
Mwezi wa Machi vijana wawili walimshusha ngazini kwa shuka,
wakamgonga bega ukutani,
naye ndiye aliyesema samahani.
Godoro likabaki na bonde lake katikati,
na boga, tuliposhusha, likaingia humo
kana kwamba lilipimiwa.

Blanketi lililoloweshwa juu, jua lisilinyonye.
Kamba nne kwenye pembe, zimekazwa, si kunyongwa.
Gia ya pili. Kila shimo la barabara
nililijua kwa jina la aliyepaswa kuliziba.

Kwenye daraja la chuma, likalia: ta!

Nikasimama. Corkum akasimama nyuma, taa zikipepesa,
nyuma yake lori la maziwa, nyuma ya lori basi la shule.
Nikapanda, nikaweka sikio kwenye ubavu wa baridi.
Ndani kimya, kimya cha chumba kilichohamwa.
Nikateremsha mkono pembeni, taratibu,
kando ya mshono, upande wa kushoto,
pale alipokuwa akiketi kuvaa viatu.

"Limepasuka?" Corkum akauliza, kofia bado kifuani.
"Springi," nikasema. "Springi ya godoro tu."
Akaniangalia. Mimi nikaangalia mto.
Nikalifunika upya, nikabana ncha za blanketi
jinsi mtu anavyobana, nikarudi kwenye usukani.
Zimebaki kilomita kumi na tisa.

Lori la maziwa halikupiga honi.