Mita Mia Mbili

Kila Machi, barafu ikishaachia kingo za barabara,
Ghislaine Fournac hutoka na kopo la rangi ya njano,
brashi mbili, msasa,
na mkate wangu wenye jibini ya mbuzi
aliouviringisha kwa kitambaa cha jikoni.
Miaka thelathini na mmoja alipeleka barua hapa Peyrolade.
Sasa anapeleka njia.

Mstari mmoja: endelea.
Mstari uliopinda: kata kona.
Msalaba: siyo huku, rudi.
Lugha ya maneno matatu, na bado wako wanaopotea.

Huanzia mlangoni mwa kanisa,
ambako fundi asiye na jina alichonga mbwamwitu
mwenye kofia ya mtawa. Pua imelika kwa mvua,
wageni humpiga picha wakidhani ni punda.
Halafu birika la kufulia, chini ya paa la vigae:
nguo hakuna tena, wamehamia vyura.
Halafu ngazi mpaka mtoni,
na Bastien akizipanga kayaki zake nyekundu
moja moja, kama pilipili za kuanikwa.
"Maji yapo?"
"Yapo. Ila baridi yake inakata mpaka nia."

Kutoka hapo ni kilomita tisa, ramani ndivyo isemavyo:
msitu wa mialoni, daraja lisilo na ukingo,
pango walimolima uyoga enzi za babu yangu,
jabali wanalolikumbatia vijana wa mjini
viganja vyeupe kwa unga, kana kwamba wanatoka kwangu kukanda,
na kileleni benchi moja
na upepo usiomwacha mtu aketi.

Lakini Ghislaine ana deni.

Baada ya zizi la ng'ombe njia hugawanyika.
Kushoto ni mkato, moja kwa moja hadi mlimani.
Kulia, njia inashuka kwa Marcellin Teyssèdre.
Mkewe alipofariki barua zilipungua, zikabaki bili,
kisha bili nazo zikahamia kwenye kompyuta
ambayo yeye hana.
Ghislaine alipostaafu, masanduku yote ya barua
yalishushwa barabarani, karibu na duka langu,
na hakukuwa tena na mtu mwenye sababu ya kupanda kule.

Mwaka ule, kwenye jiwe la kushoto,
alichora msalaba.
Kwenye mjozi wa kulia, mstari uliopinda.
Akaosha brashi, akarudi nyumbani.

Wa kwanza walikuwa Waholanzi na watoto wanne wenye kiu.
Wiki iliyofuata Marcellin aliweka ndoo na kikombe cha bati.
Julai akaweka kiti. Agosti, bakuli la plamu.
Septemba, ubao:
MAJI BURE. MBWA HANG'ATI.
Na chini yake, kwa chaki nyingine:
Wala mimi.

Mimi huuza mkate, najua kilomita za watu kwa njaa yao.
Zamani walirudi saa saba. Siku hizi ni saa nane na nusu,
na mifuko imejaa plamu.
Sikusema kitu.
Ila Mbelgiji mmoja, mwenye saa ya kuhesabu hatua,
alilalamika ofisi ya utalii: njia imezidi ramani
kwa mita mia mbili.
Solenne alimwita Ghislaine, akamwonyesha barua.
Ghislaine akaisoma mpaka mwisho, kwa mazoea ya kazi
kuangalia na muhuri.
"Mlima," akasema, "unakua."

Machi hii nilimfuata, nikimbebea msasa, goti lake halitaki miteremko.
Kwenye mjozi alama ilikuwa imebanduka magamba.
Akawa anakwangua. Chini, moshi wa dohani,
mbwa akabweka mara moja, basi.
Marcellin akapanda kwa fimbo, akasimama nyuma yetu.
"Unapotosha watu," akasema.
"Ndiyo."
"Tangu lini?"
"Mwaka wa sita huu."
Akautazama mti, akalitazama kopo.
"Basi tia mikono miwili. Ile ya mwaka jana
ilififia Oktoba, nikakaa wiki nzima na ndoo imejaa."

Akamshikia kopo.