Jiko la Chini

Nyumba yetu ya Buffalo ilikuwa na majiko mawili.
La juu lilikuwa la wageni na la picha:
meko meupe kama meno ya bandia,
taulo iliyopigwa pasi, haijawahi kupangusa kitu.
La chini, ngazi kumi na mbili kuelekea ardhini,
jirani na mapipa ya divai na sepetu za theluji,
ndilo lililopika.

Huko alitawala bibi Agrippina,
soksi nzito, viatu vya marehemu babu,
na dirisha moja lenye upana wa kiganja.
Januari nzima lilituonyesha theluji
na magurudumu ya gari la Bwana Kowalczyk.

Mwiko wake ulikuwa mwiko.
Mama aliugusa mara moja, mwaka wa harusi yake;
hadithi hiyo bado inasimuliwa kwa sauti ya chini.

Jumapili kitunguu saumu kiliamka kabla yetu.
Kilipanda ngazi bila hodi,
kikapita chini ya mlango, kikaingia mashukani,
kikatuvuta masikio hadi mezani.
Mjomba Gaspare alisema "rojo", mama alisema "mchuzi";
wakagombana miaka thelathini
juu ya jina la kitu kimoja,
wote wawili wakikichovya kwa mkate,
na chungu hakina habari nao,
puku, puku, puku.

"Chumvi kiasi gani, bibi?"
"Ya kutosha."
"Na itakaa motoni mpaka lini?"
"Mpaka iive."
"Utajuaje?"
Akanitazama
kana kwamba nimemuuliza atajuaje jina langu.

Tukala madonge ya nyama makubwa kama ngumi,
thelathini na sita kila Jumapili, nayahesabu bado.
Ukisema umeshiba, anakuongezea mawili ya adhabu.

Alipokufa nilifunga safari hadi Sisilia,
daftari mkononi kama mkaguzi wa kodi,
kukitafuta chungu kilichokizaa chungu chetu.
Venera, binti wa dada yake, alinipokea mlangoni,
mikono ina unga, akanibusu kwa viwiko.
Akapika tambi, dagaa, majani ya shamari
aliyoyachuma ukingoni mwa barabara,
zabibu kavu chache, akizihesabu kwa midomo;
juu yake akanyunyiza makombo ya mkate wa jana
yaliyokaangwa kwa mafuta ya zeituni mpaka yakawa rangi ya dhahabu.

"Na nyama?" nikauliza.
Alicheka mpaka akashika meza.
"Nyama ilikuwa ya Pasaka, na ya mwenye shamba.
Haya makombo ndiyo jibini yetu.
Khalati alituandikia kutoka Amerika,
mwaka wake wa pili huko:
*Leo nimekula nyama, wala si sikukuu.*
Barua nzima ni hiyo.
Mama aliisoma, akalia,
akaifukia ndani ya debe la unga."

Mwenye njaa hana mwiko, wahenga walisema.
Bibi alikuwa nao, ule wa mti, mweusi nchani,
na kila Jumapili, chini ya ardhi ya Buffalo,
aliiandika upya barua ile,
mistari thelathini na sita, ya duara,
akatulazimisha kuisoma mpaka mwisho.
Nami nilidhani ni chakula.

Nyumba tumeiuza. Nina jiko moja sasa,
ghorofa ya nne, dirisha kubwa, hamna theluji ya kutosha kulifunika.
Jumapili iliyopita nilimwalika mjomba Gaspare,
miaka themanini na minane, kwa mkongojo na malalamiko.
Nikapakua madonge, nikamwagia mchuzi,
na juu, bila kumwambia neno,
makombo ya Venera.

Alitafuna kwa muda mrefu.
Alikiokota kipande kimoja kwa kidole, akakitazama kwenye mwanga,
akakirudisha mdomoni.
Nje basi lilipita, glasi zikatetemeka kabatini.

"Chumvi haikutosha," akasema,
akiisukuma sahani iongezwe.