Kisanduku cha Nne

Nyanzala,
fomu ilikuwa na visanduku kumi na viwili
na mimi nilikuwa na nusu saa kabla ya kivuko cha Kamanga.
Ndicho kisa chote. Mengine ni mapambo.

Cha kwanza: jina la kazi.
Nikasema, Furu wa Ghuba.
Kijana wa steshenari pale Mtaa wa Rufiji akachapa FURI,
nikapiga kelele, akafuta, tukacheka.
Nikajiona mwerevu.
Nilidhani makosa yote hutoka vidoleni.

Cha pili: tarehe kazi ilipokamilika.
Hapo nilisita. Ilikamilika lini?
Siku nilipoweka nukta ya mwisho,
au ule usiku wa mvua Kirumba, umeme umekatika,
ulipofuta pezi la samaki wa kumi na saba
kwa sababu, ulisema, hilo ni pezi la sato,
umvalishe furu nguo ya jirani?
Nikaandika tarehe ya nukta yangu.

Cha tatu: je, imekwisha kutolewa kwa umma?
Bado, nikasema,
na nakala arobaini zilikuwa zimeshauzwa Nyakato
kwa walimu, mkono kwa mkono,
kutoka mfuko wa rambo.

Cha nne: mtunzi au watunzi.
Mstari mmoja tu, mfupi kama ukucha.
Jina langu lilienea.
Nikaliacha lienee.

Cheti nilikisomea kivukoni, upepo ukikivuta:
Ng'washi Lushinge, mtunzi wa maandishi na michoro.
Na michoro!
Mimi, ambaye nikichora yai
watu huuliza hicho kiazi ni cha nani.

Hakuna ambaye angejua.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi:
urahisi wake.
Hata sangara hakujaza fomu
alipoingia ziwani akawala furu mmoja mmoja,
mla konokono, mwenye shavu la kutu,
yule mweusi wa kwenye mawe,
hadi wanawake wa Igombe waliotutajia majina
wakawa wanataja samaki ambao wajukuu zao hawajawaona.

Na wewe ndiye uliyeniambia, ukichora taya:
huyu hubeba mayai kinywani.
Siku hizo hali kitu.
Njaa inamkata, chakula kinampita puani,
anafumba mdomo
asije akameza wanawe.

Mimi nilimeza.

Jumatatu nikarudi, dirisha la tatu, kwa Bwana Magafu.
Nikamwomba afute. Akanitazama juu ya miwani:
"Mama, daftari hili halina kifutio.
La kwanza linabaki na namba yake.
La kusahihisha linapata namba yake,
yanakaa jirani,
anayesoma anasoma yote mawili."

Nilitaka kosa lipotee, Nyanzala. Sikutaka lisahihishwe.
Nimegundua ni haja mbili tofauti.

Basi litabaki. Mtu atalifungua daftari siku moja
aone kwamba kwa siku kumi na tisa
nilikuwa mchoraji.

Ada nimelipa. Tarehe ya tatu nimeirekebisha,
na zile nakala arobaini nimezitaja.
Wanawake wa Igombe nimewaandika kwa majina,
wote watano, kwenye ukurasa wa shukrani,
maana kisanduku chao hakipo, nimekitafuta.

Iliyobaki ni saini yako.
Tumia ile kalamu yako ya magamba, ya wino mweusi.
Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho,
herufi kwa herufi, si lile la utani.
Usiharakishe. Soma kila mstari, hata ule mdogo wa chini.
Na kama kuna pezi lolote bado linakukera
sema sasa, kabla ya mhuri.

Kivuko kikiondoka, kiondoke.