Ubao wa Boma, Tabora

Mwaka wa sita wa vita, mwezi wa tano,
nilipewa karatasi ya simu niigeuze Kiswahili
kabla ya saa nne.
Ng'ambo huko, inasema, mataifa yamekaa mezani,
yanabishania maneno mawili:
kazi, na wote.

Mjumbe wa nchi ya kondoo, kusini kabisa,
anataka iandikwe ahadi.
Mkubwa mmoja anasema hapana, andikeni tumaini,
ya chumbani mwangu hayaulizwi na jirani.
Wakaahirisha. Wakarudi. Wakahamisha mkato.

Mashine yangu ya chapa ina kilema:
herufi K ilikatika mwaka wa njaa,
nami huijaza kwa kalamu, moja moja,
kama mtu anayefukia kunde.

Nikakwama. Kazi kwa wote, ndivyo?
Au, mtu asikose kazi?
Au, kazi isimkose mtu?
Dirishani naiona kambi ya mkonge,
seng'enge, moshi wa uji,
na Waha walioshuka jana kwa treni ya Kigoma,
kila mmoja na blanketi, sufuria,
na kibati cha namba shingoni.
Hapa kazi haijamkosa mtu.
Ina tarishi. Ina kamba. Inajua milango.

Nikatoka, nikamwuliza Ruhwanya wa Heru Juu,
aliyesoma misheni miaka miwili:
ukisikia "kazi kwa wote", unasikia nini?
Akaitazama mikono yake.
"Bwana karani, hilo ni tangazo au ni hukumu?"

Babu yangu alikwenda pwani mara saba,
pembe begani, njuga mguuni,
bei keshaitaja mwenyewe kabla ya kufunga mzigo.
Kijana asiyekwenda, wasichana walimcheka.
Ile nayo ilikuwa kazi.
Sijui kama imo katika karatasi yao.

Jioni nikamsomea Kalunde, anachuja asali.
Hakuinua uso.
"Waulize, sisi tunaobaki na majembe
mkishawachukua wanaume,
tumo katika hao wote, au sisi ndio mkato?"

Usiku nikagonga. Alfajiri nikabandika
na usingizi machoni, K sikuzijaza:
_AZI _WA WOTE.

Kulipopambazuka vizuri mtu alikwisha kujaza, kwa mkaa.
Pengo la pili, K, imenyooka kama ya mwalimu.
La kwanza, W.

WAZI KWA WOTE.

Bwana Shauri alipita, akasoma, akatikisa kichwa
kwa kuridhika, akaenda kunywa chai.
Geti la kambi lilikuwa na kufuli.

Treni ya saa tano iliondoka
na watu mia mbili na kumi na mmoja.
Orodha yangu ilisema kumi na wawili.
Nilichovya kalamu, nikakaa nayo
mpaka wino ukakauka.