Bei kwa Herufi

Keko, nyuma ya mafundi samani,
ambako vumbi la mninga huigandia rangi kabla haijakauka,
naandika mabango. Elfu mbili kwa herufi.
Nukta ni bure. Mkato tunapatana.

Bwana Mkumbukwa alikuja na kipande cha boksi la sabuni,
kaandika jina la gesti yake mpya, kule Tandika:
GOOD NIGHT.
Akahesabu kwa kidole, tisa; akarudia, tisa;
akaniambia, "Hebu lisome hilo la pili."
Naiti.
"Umeisikia ji?" Sikuisikia.
"Echi je?" Hata hiyo.
"Basi toa elfu nne. Hao ni wafanyakazi hewa."

Nikachovya brashi kwenye tapentaini, nikawaza.
Namjua huyu gh, nimeanza naye zamani.
Mwalimu Ndimbo alituandikia ubaoni ukoo wake mzima:
light, mwanga; eight, nane; weigh, pima;
neighbour, jirani, naye kimya upande wa pili wa ukuta.
Kwenye laugh hujigeuza efu, akacheka.
Kwenye cough hujigeuza efu, akakohoa.
Kwenye enough efu tena: imetosha.
Na kwenye ghost, mzimu, hapo ndipo ji huamka,
sauti kamili, kwa aliyekwisha kufa.
Tukauliza kwa nini. Mwalimu akafuta ubao kwa mkono wa shati,
akasema zamani sana Waingereza wenyewe waliitoa kooni,
kisha koo zikachoka
na kalamu hazikupewa taarifa.

Kwetu gh bado anaamka alfajiri.
Anafungua ghala, anapanda ghorofa, anashinda kwenye shughuli,
anafika ghafla, anauza ghali.
Kakaa katikati ya lugha kama kokwa;
mtoe, unabaki na lua,
nenda kainunulie mkate.
Ingawa fundi Nandonde, wa makochi, hapo jirani,
husema gorofa, husema gali,
na kochi lake halijashuka bei.
Koo zetu nazo zimeanza.

Nikamwambia Bwana Mkumbukwa:
"Mgeni wa chumba namba sita
aingie saa nne usiku, asiwashe redio, asikohoe,
asiombe hata ndoo ya maji, alale fofofo.
Asubuhi humdai?"
Akanitazama. Akalitazama boksi.
Akacheka, ile ya efu, mpaka kofia ikamwangukia vumbini.
Akahesabu elfu kumi na nane, noti moja moja,
halafu akaomba nimrudishie mia tano
ya kufulia kofia.

Sikumwonyesha bango letu wenyewe,
lile la juu ya mlango, rangi imebabuka.
Baba hakupata mtoto wa kiume.
Wenzake wote waliandika jina, kisha na wana.
Yeye akakaa wiki nzima na ubao mtupu,
ndipo siku moja, bila kumuuliza mtu, akaandika
LIKONGO & DAUTER.
Wapita njia wakasoma, hakuna aliyeona kosa.

Mimi nilikuwa darasa la sita,
nimetoka kwa Mwalimu Ndimbo na chaki bado vidoleni.
Nikasema, "Baba, pale juu nimepungua."
Hakuuliza nimepungua nini.
Akaegemeza ngazi.
Nikapanda na brashi namba mbili,
nikazibana G na H juu ya mstari, kati ya U na T,
ndogo, na kimshale chini yake,
kama masahihisho ya daftari.
Baba yuko chini, kashika ngazi kwa mikono yote miwili,
kimya,
mpaka nilipomaliza.