Shira Baridi

Mnunuzi alisema atakuja Jumatatu.
Jumatatu ikaja peke yake.
Leo ni Alhamisi, na machungwa ya baba
yanaanguka moja moja kwenye nyasi zenye umande:
pu,
kisha kimya, kisha pu,
kama mtu anayehesabu deni huku akisinzia.

Senti kumi na mbili kwa kilo.
Wachumaji peke yao wanadai zaidi ya hapo.
Tangu simu ile baba hajasema neno,
amekaa na mabuti yake ya matope
akiitazama redio iliyozimwa.
Huku nyuma Taigeto imejifunika theluji hadi mabegani,
na bonde zima la Skala linang'aa rangi ya chungwa
kana kwamba kuna sherehe.

Nimeokota saba chini ya mti wa karibu na kisima,
yale yenye makovu,
yasiyouzika hata mwaka wa neema.
Nimekuna maganda taratibu, nikikwepa ule weupe wa ndani
maana uchungu umelala pale,
na uchungu tunao wa kutosha.

Manda nilizianika tangu jana usiku:
mezani, vitini, mgongoni mwa kochi,
nyumba ikawa kama ya dobi anayefulia mizimu.
Asubuhi zimekauka, zinalia zikiguswa.

Portokalopita haitaki manda nzima.
Shangazi Garufalia aliapa kuwa ilizaliwa na mzembe,
bibi harusi aliyesahau kufunika manda zake
akaona haya kuzitupa mbele ya mama mkwe.
Shangazi alikuwa mwongo mkubwa,
lakini hili nalipenda.

Basi nikaanza kurarua.

Ni ile sauti iliyomwinua baba.
Akasimama mlangoni. Akanawa mikono hadi viwiko.
Manda ya kwanza aliichana kwa upole,
kama afunguaye barua asiyojua imetoka wapi.
Ya pili kwa nguvu kidogo.
Ya tatu niliona midomo yake ikitaja jina la mnunuzi.
Ya nne, benki.
Ya tano, ushirika, mwenyekiti wake na mama yake mwenyekiti.
Pakiti ilipokwisha alitazama huku na huku,
na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua nyingine
tuliyoiwekea Pasaka.

Mayai matano. Mtindi bakuli moja. Sukari.
Mafuta ya zeituni ambayo Lambis wa jirani alitulipa
kwa siku mbili za trekta.
Maganda, na maji ya machungwa yote isipokuwa mawili.
Hayo mawili yalikuwa yamekwishaingia kwenye shira alfajiri,
na kijiti cha mdalasini,
sufuria ikapoa dirishani na upepo wa theluji.

Dawa ya moto ni moto, husemwa.
Huenda ni kweli kwa mengine.
Hapa kimoja kiwe moto, kingine kiwe baridi,
la sivyo utakula uji kwa uma.

Nilipoitoa tanurini, kahawia, imefura,
baba alininyang'anya upawa.
Akamimina. Ikafoka, ikatulia, ikanywa.
Akasubiri. Akamimina tena.
Sijawahi kumwona akimsubiri mtu hivyo,
hata mimi siku ile ya treni.

Tulipaswa kuiacha mpaka jioni.
Hatukuiacha.
Alikata kipande cha pembeni, kilichoungua kidogo,
akatafuna macho kafumba.

"Umetia machungwa mangapi?"

Sauti ilikuwa na kutu ya siku nne.

"Saba."

"Saba!" Akaweka uma chini.
"Diamando, tuna tani kumi na nane,
nawe unafanya ubahili."

Sikujua kama nicheke.
Yeye ndiye aliyeanza, puani kwanza,
kisha mabega, kisha akalazimika kushika meza.

Nje, gizani: pu.

Baba akalamba kidole.
"Hilo," akasema, "ni la kesho."
Akainama kufungua kamba za mabuti.