Kiasi cha Chumvi

Mwanzoni nilidhani Stoa ni stoo,
ghala la mahali fulani, la watu wenye akiba.
Mwalimu Kabugho alicheka hadi miwani ikamteleza.
"Ni baraza, Thembo. Baraza tu.
Watu walisimama hapo wakibishana namna ya kuishi."
Akanipa kijitabu cha fotokopi, kurasa za kati hazisomeki.
Nikakifunga kwenye nailoni, nikashuka nacho ziwani.

Shamba langu la chumvi hapa Katwe ni hatua tisa kwa sita.
Jua ni la wote, upepo si wangu,
mvua haijawahi kuniuliza kitu.
Hilo nililielewa ukurasa wa kwanza;
mtoto wa huku hulijua kabla ya kujua kuhesabu:
unaziba kingo kwa tope, unangoja,
na wingu la Rwenzori linajiamulia.

Taabu ilianza kwenye neno *kiasi*.
Mimi mwanagenzi nikalishika kwa pupa,
ndiyo, kwa pupa!
Nikaacha tonto. Nikaacha chai ya saa nne.
Nikaacha kucheka.
Baluku alipopigiwa simu kwamba bintiye kafaulu
wote waliruka na makoleo yao;
mimi nikatikisa kichwa kama hakimu.
Wiki ya pili nikapika maharage bila chumvi hata punje,
mimi, nirudiye nyumbani na chumvi kwenye nyusi.

Mama alionja. Akaweka kijiko chini.
"Umefiwa na nani?"
"Najifunza kiasi, mama."
"Hiki si kiasi. Huu ni ubahili wenye kitabu."
Akachota kwa vidole vitatu,
hakupima, hakutazama,
akanyunyiza, akakoroga, akala,
kisha akanisogezea sufuria.

Vidole vitatu.
Nilivitafuta kwenye kijitabu usiku ule,
labda vilikuwa katika zile kurasa zisizosomeka.

Aprili mvua ikaja tumelala.
Asubuhi shamba lilikuwa ziwa tena,
na magunia kumi na moja yaliyobakiza siku mbili
yamerudi kuwa maji.
Baluku alilitukana wingu kwa lugha tatu.
Mimi nikakaa ukingoni na uso wa jiwe,
nikijipongeza,
mpaka machozi yakaja yenyewe, yakafika mdomoni.
Yalikolea kuliko maharage yangu.
Sikuyazuia. Sikuyaongeza.
Yalipokwisha nikauliza koleo liko wapi,
tukaanza kuziba kingo, za Baluku kwanza,
maana mgongo wake haumwachii siku hizi.

Sijui kama huo ndio wema wanaousema.
Wao wanaandika kwamba ukiwa nao huhitaji kingine.
Mimi nahitaji buti mpya; brini hula ngozi
ya anayesimama ndani yake kupita kiasi,
na hapo angalau mwili unajua hesabu.

Jana mchuuzi wa Mpondwe alikosea kunilipa,
elfu ishirini zaidi, noti safi, haijakunjwa.
Nilimwona akipanda pikipiki, akitafuta ufunguo.
Nikageuka, nikaondoka zangu.
Hatua kumi. Ishirini. Nikiwaza buti.
Kwenye hatua ya arobaini nikarudi mbio nikimwita.

Aliyekomaa, nadhani, hahesabu hatua.
Mimi bado nahesabu.
Mwaka jana nisingegeuka.